Jinsi ya kutembelea vijiji vya kale vya England bila gari, na bila kukwama huko

Kila ikifika Aprili simu yangu haitulii. Shemeji wa mtu anakuja kutoka Dodoma kwa wiki mbili, binamu anasoma Leicester, mama mkwe kachoka kuiona London. Wote wameona picha ya nyumba za mawe zenye maua mlangoni, na wote wananiuliza maswali yale yale. Kuna kiingilio? Bila gari inawezekana? Nitapata chakula halali? Nikipiga picha nyumba ya mtu nitafokewa? Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limenikauka, sasa nayaandika mara moja. Naishi Reading, na makosa karibu yote ninayoyaonya hapa nimeyafanya mwenyewe.

Majibu ya haraka kwanza. Kijiji hakina kiingilio. Barabara ni ya umma. Unalipa ukiingia kwenye jumba la kale, makumbusho au maegesho ya gari. Bila gari inawezekana, ila si kila kijiji na si kila siku. Chakula halali ni kigumu, nitaeleza. Picha unaweza kupiga ukiwa barabarani, lakini kuna adabu yake.

Nadharia nitakupa kidogo tu, kwa sababu itakusaidia kujua unachokitazama. Vijiji vingi vya namna hii vilitajirika kwa sufi ya kondoo na vitambaa, kati ya karne ya 14 na ya 16. Biashara ikahama. Pesa zilipokwisha, watu hawakuwa na uwezo wa kubomoa na kujenga upya, wakabaki na nyumba za babu zao. Yaani unachosafiri kwenda kukiona leo ni umaskini wa zamani uliokuja kugeuka uzuri. Nyumba za Lavenham, kule Suffolk, zimeinama kama zimelewa kwa sababu mafundi walijengea mwaloni mbichi, na mbao zilipokauka zikajipinda. Na ukuta wenyewe kati ya boriti ni fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi. Mtu aliyekulia Handeni au Kilifi hahitaji mtembeza wageni wa kumweleza hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Viatu vya kutembelea vinavyovumilia tope. Raba nyeupe ziache nyumbani.
- Koti la mvua lenye kofia, hata kama ni Julai na jua linawaka. Mwavuli husumbuliwa na upepo.
- Kadi ya benki, pamoja na sarafu chache. Kadi inapokelewa karibu kila mahali, lakini sanduku la mchango la kanisani hutaka sarafu.
- Simu iliyojaa chaji, betri ya akiba, na ramani uliyoipakua kabla. Mtandao hupotea bondeni.
- Picha ya ratiba ya basi, ya kwenda na ya kurudi, ndani ya simu.
- Maji na kitu cha kutafuna. Usitegemee duka.
- Kadi ya punguzo la treni kama unaishi hapa. Ile ya familia na marafiki hukata theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya nauli ya mtoto wa miaka 5 hadi 15. Aliye chini ya miaka 5 hahitaji tiketi.

Hatua

1. Chagua kijiji kimoja. Kimoja.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu ananitumia orodha ya vijiji sita vya Cotswolds, eneo la vilima lenye vijiji vya mawe, kwa siku moja. Vitaonekana, ndiyo, kupitia dirisha la basi la watalii, dakika arobaini kila kimoja, na nusu yake iko kwenye foleni ya choo. Kijiji cha Kiingereza ni kidogo: unakizunguka kwa dakika ishirini. Utamu wake unaanza baada ya hizo ishirini, pale macho yanapozoea na kuanza kuona tarehe juu ya milango, alama za kwato kwenye jiwe, bustani ya bibi fulani.

Kwa anayeanza napendekeza hivi. Kama hutaki kabisa habari za basi, nenda Rye, East Sussex, kwa sababu treni inakufikisha mjini kwenyewe. Kutoka stesheni ya St Pancras, London, unabadilisha Ashford, na safari nzima ni saa moja na kitu. Ni mji mdogo kilimani, una barabara ya mawe ya mviringo iitwayo Mermaid Street na nyumba ya wageni iliyojengwa upya mwaka 1420. Zamani Rye ilikuwa bandari, kisha mchanga ukajaa na bahari ikarudi nyuma. Sasa iko umbali wa kilomita tatu hivi. Ukitaka mawe ya rangi ya asali ya Cotswolds, shuka treni Moreton-in-Marsh, panda basi hadi Chipping Campden, ambako bado limesimama soko lenye matao la mwaka 1627. Hilo neno “Chipping” lenyewe ni Kiingereza cha kale, maana yake soko. Lavenham ni nzuri kuliko zote kwa nyumba za mbao, lakini stesheni yake ilifungwa zamani, hivyo ni treni hadi Sudbury kisha basi. Iache kwa safari ya pili.

Mimi wageni wangu wa kwanza huwapeleka Lacock, mkoa wa Wiltshire, na hatua zinazofuata nitazieleza kwa mfano huo. Treni ya kutoka Paddington hadi Chippenham huchukua saa moja na robo hivi, kisha ni basi la maili tatu tu.

2. Tafuta basi la mwisho la kurudi, kabla ya kitu kingine chochote.

Si treni, si basi la kwenda. Anza na la mwisho la kurudi, uliandike, kisha uchague lile linalotangulia hilo kuwa basi lako. La mwisho liwe akiba. Ukishapata hayo mawili, hesabu kurudi nyuma hadi treni ya asubuhi.

Angalia siku pia. Ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa si ya Jumamosi, na Jumapili vijiji vingi havina basi kabisa. Sikukuu za benki, yaani siku za mapumziko za kitaifa, hufuata ratiba ya Jumapili mara nyingi. Tarehe 25 Desemba hakuna treni hata moja.

Onyo kwa sisi Waswahili wa saa zetu: ratiba huandikwa kwa saa 24. 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Nimewahi kumsubiri mgeni stesheni aliyesoma 07:20 akaiweka akilini kuwa saa saba. Alifika mchana, kapendeza, kavaa na kofia.

3. Nunua tiketi ya treni nje ya saa za msongamano.

Siku za kazi, treni za asubuhi mapema ni ghali sana. Subiri saa hizo zipite, au nenda Jumamosi. Ukinunua mapema tiketi ya treni maalumu huwa nafuu, lakini inakufunga kwenye treni hiyo tu. Kwa safari inayotegemea basi la kijijini mimi huona afadhali tiketi ya kurudi inayokubali treni yoyote isiyo ya msongamano. Nauli ya basi usiiogope. Tangu Januari 2025 serikali imeweka kikomo cha pauni 3 kwa safari moja kwenye mabasi mengi ya England nje ya London.

4. Jifunze kulitamka jina la kijiji.

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Wenzetu hapa hawana huruma hiyo. Lacock ni “Leikok”. Bicester ni “Bista”, Leominster ni “Lemsta”, Alnwick ni “Anik”. Ukimtamkia dereva herufi zote atakutazama kwa upole na hatakuelewa. Muoneshe simu. Na usitishwe na maana ya jina: kuna vijiji viwili jirani, Upper Slaughter na Lower Slaughter, na kila mgeni wangu huuliza machinjio yako wapi. Jina linatokana na neno la kale la mahali penye matope. Na hicho cha juu ni miongoni mwa vijiji vichache mno ambavyo vijana wake wote walioenda vita kuu zote mbili walirudi hai.

5. Fika kabla ya saa nne asubuhi, uzunguke kabla ya kuingia popote.

Kuanzia saa tano mabasi ya watalii huwa yameshusha. Saa tatu na nusu kijiji bado ni cha wenyewe: mtu anamtembeza mbwa, mtu wa posta anagawa barua. Salimia. London ukimsalimia mtu usiyemjua atadhani unauza kitu. Kijijini watu husalimiana njiani, na “good morning” moja hufungua mengi. Utatazamwa kidogo, sitakudanganya. Mara nyingi huenda ukawa Mwafrika pekee barabarani, au mwanamke pekee mwenye hijabu. Uzoefu wangu ni kwamba kutazamwa huko huisha mara tu ukisalimia wewe kwanza, na wazee ndio wa kwanza kukuuliza umetoka wapi na kukueleza ya mwaka 1962.

Lacock ina mitaa minne inayofanya mraba, huwezi kupotea. Zunguka taratibu. Tazama boriti nene iliyopinda inayoonekana ubavuni mwa nyumba katika Church Street. Ingia kwenye ghala la zaka la karne ya 14, walimoweka nafaka na sufi ambazo wakulima walilipa badala ya fedha. Kando yake kuna mahabusu ndogo ya mawe isiyo na dirisha; walevi walilazwa humo mpaka akili ziwarudie. Utagundua kitu kinakosekana bila kujua ni nini, kisha utang'amua: hakuna nyaya juu ya vichwa. Karibu kijiji kizima ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi turathi lililoanzishwa 1895. Matilda Talbot alilikabidhi kijiji na jumba lake mwaka 1944. Lakini nyumba zina wapangaji, na shule ina watoto.

Kwa hiyo adabu ya picha: piga ukiwa barabarani, usisogeze kamera dirishani, usikae kwenye benchi la mtu, usifungue geti la bustani eti mwanga ni mzuri. Watoto wa watu usiwapige kabisa. Droni iache nyumbani, National Trust hairuhusu kwenye ardhi yake.

6. Ingia kanisani hata kama si muumini.

Makanisa mengi ya vijijini huwa wazi mchana, bure, na mara nyingi hakuna mtu ndani. Humo ndimo historia ya kijiji ilipo: makaburi ya wafanyabiashara wa sufi, majina ya waliokufa 1914 hadi 1918, familia ile ile ikijirudia kwa karne nne. Kukiwa na ibada subiri nje au kaa kimya nyuma. Ukitoka funga mlango, ndege huingia wakashindwa kutoka.

7. Lipia kitu kimoja tu cha kiingilio.

Hapa Lacock ni lile jumba, lililokuwa nyumba ya masista wa Kikatoliki tangu karne ya 13 hadi Mfalme Henry wa Nane alipoifunga mwaka 1539. Baadaye likawa makazi ya ukoo wa Talbot. Tafuta dirisha dogo lililotokeza ukutani kwenye sebule ya kusini. Agosti 1835 William Henry Fox Talbot alilipiga picha, na negativu yake (ile picha ya awali ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) ndiyo ya kale zaidi inayojulikana kubaki duniani. Ukubwa wake ni kama stempu. Wageni wangu wote hulipiga kwa simu, na wote hucheka wakishaelewa walichokifanya.

8. Kula kabla ya saa nane mchana.

Jiko la pabu nyingi hufungwa saa nane au nane na nusu, na halifunguliwi tena mpaka jioni. Hakuna mama ntilie wa kukuokoa. Pabu si baa ya pombe tu. Familia na watoto hula humo, na unaruhusiwa kunywa soda bila kuulizwa. Katika nyingi unaagiza kaunta, unataja namba ya meza, unalipa palepale.

Nyama halali usitarajie. Samaki na chipsi ndiyo kimbilio letu, lakini uliza mambo mawili: kama unga anaochovywa samaki umechanganywa na bia, na kama wanakaangia mafuta ya ng'ombe, jambo la kawaida hasa kaskazini. Kiazi cha kuoka chenye maharage au jibini kipo karibu kila mgahawa na hakina mtego. Supu ina mtego. Mara nyingi kuna nyama ya nguruwe iliyokatwa ndogondogo. Mimi hubeba chapati zangu na rosti kwenye chombo, nakula mtoni, halafu naenda kununua chai na skoni za jamu na krimu kwenye mgahawa wa chai ili nami niwe nimeacha pesa kijijini. Hufungwa mapema, saa kumi na moja wengi wameshapindua viti.

9. Toka nje ya kijiji kwa miguu, angalau nusu saa.

England ina njia za miguu za umma zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu, na una haki ya kupita. Mshale wa njano kwenye nguzo ni wa waenda kwa miguu. Wa buluu wanaruhusiwa pia farasi na baiskeli. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za kipimo cha 1:25,000 njia hizi zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ukiwa Lacock vuka daraja dogo la kale nyuma ya kanisa, fuata njia ya malishoni hadi Reybridge, urudi.

Sheria ni moja kubwa: geti uliache kama ulivyolikuta. Lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, pengine mkulima kaliacha ili ng'ombe wafike majini.

Nitachepuka kidogo. Maili chache kutoka Lacock, karibu na Corsham, ndipo alipokufa John Hanning Speke, yule aliyefika Mwanza Agosti 1858 pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake kana kwamba halikuwa na jina. Tarehe 15 Septemba 1864 alikuwa akiwinda kware. Bunduki yake mwenyewe ikamlipukia alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe. Kesho yake alitarajiwa kukabiliana hadharani na mpelelezi mwenzake Richard Burton mjini Bath, kubishana kuhusu chanzo cha Nile. Kuta hizo fupi za mawe utaziona kila mahali huku. Tumia geti.

10. Kuwa kituoni dakika kumi kabla.

Kituo cha kurudi kwa kawaida kiko upande wa pili wa barabara, lakini si lazima kiwe mkabala na pale uliposhukia. Kitafute asubuhi, ukiwa bado na nguvu.

Kwa wenye gari, maneno machache. Mgeni mwenye leseni ya nyumbani anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12, na upande ni wa kushoto kama kwetu. Spidi iko kwa maili. Njia nyingine hutosha gari moja. Ukikutana na mwenzio, aliye karibu na upana ndiye arudi nyuma, na wote wawili mnapunga mkono. Egesha kwenye maegesho ya wageni hata kama ni ya kulipia, kamwe si mbele ya nyumba ya mtu.

Mambo yakiharibika

Basi la mwisho limeondoka. Teksi za kuita kwa programu ya simu huku mara nyingi hazipo. Ingia kwenye pabu, eleza shida yako, omba namba ya teksi ya mji wa jirani. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na aibu ya kuuliza, nikaanza kutembea gizani kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Usifanye hivyo. Magari yanakuja kwa kasi na hawakuoni.

Umefika, kila kitu kimefungwa. Majumba mengi hufunga au hupunguza siku majira ya baridi, na baadhi hufunga siku fulani za wiki. Angalia siku mbili kabla. Desemba giza huingia saa kumi jioni, wakati Juni jua lipo hadi saa tatu usiku. Usitumie mpango wa Juni mwezi Desemba.

Kuna ng'ombe kwenye njia. Pita mbali nao, taratibu, usiingie kati ya mama na ndama. Wakikufuata usikimbie. Ukiwa na mbwa na wakakujia, mwachie kamba, atajiokoa mwenyewe.

Choo. Vyoo vya umma vipo karibu na maegesho, lakini si kila kijiji. Nunua chai, uombe cha mgahawa.

Ramani imeganda, hujui uliko. Tafuta mnara wa kanisa. Uuelekee.

Umeumia au mtu kaanguka: 999, mtandao wowote wenye mawimbi utakupokea.

Basi limekupita likiwa na viti vitupu tele. Ulikuwa umekaa ukilitazama, dereva akadhani unapumzika. Huku basi husimamishwa: simama ukingoni, nyosha mkono ukiwa umeliona kwa mbali, usiushushe mpaka taa ya kushoto iwake.